Maua ya Pamba kwenye Gauni la Bluu

Gauni la mama yangu lilirudi mikononi mwangu miaka kumi na moja baada ya kugawiwa msibani. Aliyelileta ni mwanamke ambaye hakuwahi kumwona mama hata siku moja. Alilitoa kwenye kikapu likiwa limekunjwa vizuri, akaniomba niyafunike maua yote ya zamani na kuchora mengine juu yake.

Nilimwambia sawa. Nikafungua daftari la kazi, nikaandika jina lake na chini yake: gauni la bluu, maua yafunikwe, wiki mbili. Mwandiko wangu ulikuwa umenyooka kama siku zote. Nilipomsindikiza hadi barabarani na kurudi, ndipo nilipogundua kwamba bado nilikuwa nimelikumbatia gauni.

Ili jambo hili lieleweke, inabidi nirudi nyumbani, kijijini, upande wa Butiama, nilipokuwa mtoto.

Mama alikuwa mkulima. Alilima mihogo, mtama na pamba, na hakuwahi kujiita fundi wa kitu chochote. Lakini siku za mnada, wanawake wenzake walipokuwa wakipekua marundo ya mitumba kutafuta nguo isiyo na kasoro, yeye alitafuta yenye kasoro. Alilishika gauni, akalinyoosha mbele ya jua, akaangalia madoa. Doa la kutu, doa la mafuta, doa la utomvu wa mgomba ambalo sabuni yoyote hulishindwa. Muuzaji alikuwa akimtania: "Mama, wewe unanunua nguo au unanunua madoa?" Naye alijibu bila kuinua macho, "Nguo safi haina pa kuanzia."

Rangi aliipata kwa mzee aliyechora mabango ya maduka. Alimwachia mikebe iliyobaki na tone chini, rangi ya mafuta ya kupakia mbao na bati, siyo ya nguo. Mama aliilainisha kwa mafuta ya taa. Brashi zake alizitengeneza mwenyewe kwa manyoya ya mkia wa mbuzi, akayafunga kwa uzi kwenye vijiti. Alikuwa anakaa nyuma ya nyumba kwa sababu ya harufu, nguo imetandazwa juu ya mlango wa zamani uliolazwa kwenye mawe, na kila palipokuwa na doa alichora ua. Doa dogo, ua moja. Doa kubwa, tawi. Baadaye alishonea vifungo alivyovitoa kwenye mashati yaliyochakaa, au shanga, na nguo aliyovaa mtu mwingine huko Ulaya ikawa ya kwenda nayo kanisani kwetu siku ya Pasaka.

Alijua kuchora ua moja tu, la pamba. Waliolima pamba wanajua tabia yake. Linachanua asubuhi likiwa na njano iliyopauka kama maziwa, na kesho yake, kwenye kichaka hichohicho, linageuka pinki, halafu linaanguka. Kwa hiyo shambani, kichaka kimoja huwa na maua ya rangi mbili kwa wakati mmoja. Mama alichora hivyohivyo. Watu wa mjini waliokuja kwetu walidhani ameishiwa rangi.

Akimaliza ua, alichovya dole gumba kwenye rangi iliyokolea na kulibonyeza katikati. Hiyo ndiyo ilikuwa sahihi yake, ingawa yeye hakuiita hivyo. Alisema brashi haiwezi kuchora katikati ya ua, inatoka kama jicho la samaki. Dole lake la kulia lilikuwa na kovu la kisu cha kumenyea mihogo, limekata mshazari kutoka ukucha hadi chini, na kovu hilo lilijichapa kwenye kila ua. Ukiangalia kwa karibu unaona mistari ya ngozi yake, kisha mkato mmoja unaopita katikati.

Gauni la bluu lilikuwa la kwake mwenyewe. Nilikuwa na miaka saba hivi alipolichora. Lilikuwa na madoa sita ya kutu kwenye sketi, kana kwamba lilikuwa limelala juu ya waya kwa muda mrefu. Alichora maua matano na kubonyeza matano. La sita, la chini kabisa karibu na pindo, aliniita.

"Njoo, weka lako."

Nilibonyeza kwa nguvu kupita kiasi na nikakosea katikati. Dole langu likaenda pembeni, likagusa petali. Nililia, nikidhani nimeharibu. Mama aliliangalia, akacheka, akasema, "Liache. Huyo nzi amekuja kunusa." Hakulirekebisha. Alilivaa gauni hilo Jumapili nyingi, pamoja na nzi wake.

Alifariki mwanzoni mwa masika. Kwetu, siku ya kuondoa matanga, nguo za marehemu mwanamke hutolewa nje na kutandazwa juu ya turubai, na dada zake ndio wanaozigawa. Wanaanza na ndugu wa tumbo moja, kisha mashemeji, kisha marafiki waliouguza. Watoto hupewa mwishoni. Nyuma yake kuna wazo moja ambalo hakuna anayelisema kwa sauti: mtoto akinyoosha kidole kwenye nguo ya mama yake, ataonekana alikuwa anaisubiri.

Kwa kuwa nilikuwa nimesoma, niliambiwa niandike orodha. Walisema kulikuwa na ugomvi kwenye msiba wa jirani, watu wakabishania kitenge, kwa hiyo safari hii kila kitu kiandikwe. Nilikaa kwenye stuli na daftari la shule. Nguo inainuliwa, jina linatajwa, naandika. Kitenge cha kijani, shemeji. Kanga doti moja, jirani. Ilipofika zamu ya gauni la bluu, lilipanda juu mikononi mwa mama mkubwa, upepo ukalijaza kidogo, nikaona maua yote sita. Mtu akasema, "Hili la mdogo wake wa Bukima, wanafanana mwili."

Nikaandika: gauni la bluu, mama mdogo.

Ilipofika zamu yangu waliniuliza, "Wewe mwandishi, unataka nini?" Zilikuwa zimebaki nguo tatu. Nikasema, "Chochote tu." Niliona ndilo jibu la heshima. Wakanipa sweta la kahawia lisilo na vifungo viwili. Ninalo hadi leo. Lina joto na halina alama yoyote ya mama.

Daftari lile pia ninalo. Nimelisoma mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri.

Baadaye nilihamia Musoma. Nina chumba cha kazi pale mtaa wa Mukendo, ninachotumia pamoja na fundi cherehani, mwanamke aliyenizidi umri na maneno. Yeye anashona na kukarabati, mimi nachora. Watu wananiletea magauni yaliyopauka, mashati ya waume yaliyochanika kola, sketi za shule za watoto waliokwisha kumaliza, nami nazigeuza kwa rangi, shanga, lesi na vipande vya vitenge. Siku hizi rangi ya nguo inapatikana. Unachora, unaacha ikauke, unapiga pasi upande wa ndani, na haitoki. Haina harufu ya mafuta ya taa. Wateja wanafurahia hilo. Mimi kuna siku nafungua mkebe na kuinusa kwa mazoea, na hakuna kitu.

Naweza kuchora karibu kila ua. La pamba nimelijaribu mara nyingi, njano na pinki kwenye tawi moja, na nimebonyeza katikati kwa dole langu. Linatoka zuri. Wateja wamelisifu. Lakini dole langu halina kovu, na kila nikiinua mkono naona ua la mtu mwingine, msafi, asiye na historia na kisu.

Mara moja, miaka mitano iliyopita, nilikwenda Bukima kumsalimia mama mdogo, na moyoni nilikwenda kuliona gauni. Sikuliona kwenye kamba ya nguo wala mwilini mwake Jumapili. Sikuuliza. Tulikula ugali na samaki wadogo wa furu, tukaongea habari za ziwa, nikarudi mjini.

Kwa hiyo mwaka huu, mwanamke yule aliposimama mlangoni na kikapu, sikuwa na matarajio yoyote.

"Dada, ndiyo wewe unayepakaga nguo?"

"Ndiyo mimi. Karibu."

"Nimetoka Kibara alfajiri, nikapitia Bunda. Kuna mama alivaa gauni lako kanisani, akaniambia nije Mukendo, niulizie chumba chenye cherehani mbili."

"Moja," fundi alisema kutoka kwenye kona yake. "Nyingine ni marehemu, tunaiwekea mikasi."

Mgeni alicheka, akakaa, akakunjua nguo mapajani. Lilianza kutokea pindo. Nililiona ua la sita kabla ya gauni lenyewe, na yule nzi wangu pembeni ya petali.

"Sasa angalia haya maua," alisema. "Moja njano, jingine pinki, tawi hilohilo. Aliyechora aliishiwa rangi."

"Au alikuwa na macho mawili yaliyokosana," fundi akasema.

"Ni pamba," nikasema.

"Pamba?" Alilivuta karibu na uso. Mikono yake ilikuwa ya mkulima, kucha fupi, ngozi ngumu. Kisha akapiga goti lake. "Jamani! Kweli. La leo na la jana. Nimelima pamba tangu nikiwa na meno ya utoto, na nguo hii nimeiona miaka yote, sikuwahi kujua."

Nilidhani hapo atabadili nia. Hakubadili.

"Bado yafunike tu, dada. Niwekee mawaridi makubwa, na vile vikorokoro vinavyong'aa hapa shingoni." Alikuwa anapapasa kitambaa alipokuwa anaongea. "Lilikuwa la mama yangu. Alikuwa analivaaga kila sikukuu. Amefariki mwaka jana, tukagawana nguo, hili nikapewa mimi. Nikilivaa, watu wanasema, 'Mama yako huyo anakuja.' Mara ya kwanza nilifurahi. Mara ya pili niligeuzia njiani nikarudi nyumbani, ibadani sikufika. Sasa mwanangu anapata kipaimara. Nataka siku hiyo nivae nguo ya mama, lakini niwe mimi."

Nikamwambia sawa. Nilichukua daftari.

Alipoondoka, nilimpigia simu mama mdogo. Nilimwuliza taratibu, kama mtu anayeulizia sufuria.

"Lile la bluu? Nilimpa rafiki yangu wa Kibara. Alikuja nilipoumwa, akakaa wiki tatu, ananifulia, ananiogesha. Siku anaondoka nikampa kitu nilichokuwa nakipenda. Ulitaka nimpe nini, ndoo?"

"Hapana, mama mdogo. Ulifanya vizuri."

"Mbona unauliza?"

Nikamweleza. 

"Usije ukalidai," alisema. "Umenisikia, mwanangu? Nguo ya msiba ikishavaliwa haidaiwi. Na hilo sasa limepita misiba miwili, siyo la kwetu tena." Kisha, kwa sauti ya chini zaidi, "Siku ile tulikuuliza. Nilikuwa nakuangalia wewe. Ungesema tu neno, ningekuachia. Ukasema chochote."

Siku zilizofuata nililitundika ukutani na kufanya kazi nyingine chini yake. Nililipiga picha kwa simu, ua baada ya ua. Kwenye picha mistari ya dole haionekani vizuri, rangi ya mafuta inang'aa na kuficha kila kitu. Rangi yenyewe imeanza kupasuka. Maua mawili yamebanduka pembeni, na chini yake kutu imechungulia, kahawia ileile ya siku ya mnada. Ni kovu tu lililobaki wazi kwenye maua yote matano. Niliweka dole langu juu ya la mama. Lake ni pana zaidi.

Fundi alikuwa ananitazama kwa siku nne. Siku ya tano alisimama mbele ya gauni na mkasi.

"Sikiliza, mdogo wangu. Sketi ina upana wa kutosha. Nakata vipande vyenye maua, naweka kitambaa cha bluu kingine, wewe unachora mawaridi juu ya mshono. Maua yako unabaki nayo, yeye anapata gauni lake. Hatajua."

"Atajua."

"Atajuaje? Amekaa na ua la pamba miaka yote hajalijua, atajua mshono wangu?" Alicheza na mkasi, ukalia mara mbili. "Au unaniona fundi wa viraka?"

Nilicheka, na kwa muda nililifikiria kwa dhati. Nilipima hata kwa rula. Kila kipande kingetoka sentimita kumi na mbili kwa kumi na mbili. Ningevitia kwenye fremu. Kisha nikamwona akilini yule mwanamke kanisani, siku ya kipaimara cha mwanae, amevaa gauni la mama yake lenye matundu sita niliyoyaziba kwa siri. Nikarudisha rula kwenye droo.

"Weka mkasi," nikasema.

"Basi chora mawaridi."

Hilo pia sikuweza. Nilichanganya rangi nyekundu mara mbili, na mara zote mbili ikakaukia kwenye kisosi. Nilichoweza kufanya ni shingo. Nilishona shanga nyeupe na vitu vinavyong'aa kuzunguka kola na mikono, kazi ya siku tatu, na naamini ni shingo nzuri kuliko zote nilizowahi kushona. Sketi sikuigusa.

Wiki mbili zilipotimia, alirudi. Alipenda shingo. Alishika shanga, akasema, "Eeh, hapa nitakuwa bibi harusi, siyo mama wa mtoto." Kisha akaona maua. Fundi alijifanya anatafuta uzi.

Nilimwambia yote. Mabango, mafuta ya taa, kovu, nzi, turubai, orodha, neno langu moja. Niliongea vibaya, bila mpangilio, jambo ambalo si kawaida yangu. Nilimwambia pia kwamba simdai kitu, gauni ni lake, na akisema nifunike, nitafunika mbele yake sasa hivi.

Aliliweka mapajani na kuanza kuyatafuta maua, moja moja, akipitisha kidole juu ya kovu.

"Hapa mama alikuwa anashikaga," alisema alipofika ua la tatu, lililo karibu na paja. "Akikaa kanisani, mahubiri yakiwa marefu, anasuguasugua hapa. Mimi nilidhani hii alama ameitengeneza yeye kwa kusugua."

Akasugua na yeye mahali hapo.

"Kwa hiyo miaka yote hiyo alikuwa ameshika kidole cha mama yako." Alicheka kidogo, halafu akaacha. "Sasa umeniweka pabaya, dada. Nikisema funika, nimekuwa mtu mbaya."

"Hapana."

"Nimekuwa. Na nikikuachia, ndugu zangu nitawaambia nini? Kwamba nguo ya mama nimempa fundi wa Musoma kwa sababu alilia?"

"Sikulia."

"Ulikuwa karibu," fundi alisema, ameinamia kisanduku cha nyuzi.

Mgeni alikunja gauni, akalikunjua, akalikunja tena. Mwishowe alisimama na kulitundika yeye mwenyewe kwenye msumari ulio nyuma ya mlango.

"Usilifunike, na mimi silichukui. Hili siyo langu peke yangu kulisema. Nitakaa na ndugu zangu, nitarudi kabla ya kipaimara."

Tulimsindikiza hadi barabarani. Aliniambia nisiliache juani.

Hilo lilikuwa wakati pamba inachanua. Sasa imekwisha kuchumwa. Mama mmoja wa Kibara aliyekuja kutengenezewa sketi aliniambia kipaimara kilifanyika, watoto walikuwa wengi, na yule mgeni wangu mwenye gauni alivaa kitenge cha kawaida. Nimempigia simu mara tatu. Inaita, haipokelewi, na mara ya tatu alipokea mtoto akasema mama yuko shambani. Gauni liko nyuma ya mlango, nimelifunika kwa shuka kuzuia vumbi. Hakuna aliyekuja kulichukua.